Mnara wa Cliveden: hivi tangi la maji linahitaji sanamu ya dhahabu?

#1 Mzaramo wa Ughaibuni
Wakuu salaam. Nipo huku Uingereza, pande za Slough. Jumapili nilitoka na familia kwenda Cliveden, lile jumba kubwa la Buckinghamshire lililokaa juu ya mwinuko, mto Thames ukipita chini yake. Jumba ni zuri, sikatai, ila kilichonishika ni mnara uliosimama pembeni yake. Mita 30 kwenda juu. Saa imewekwa pande zote nne, zimezungushiwa nakshi zinazong'aa. Upande mmoja kuna ngazi ya kuzunguka iliyoachwa nusu wazi, mtu akipanda unamwona kutoka nje. Kileleni kabisa kijana mwenye mabawa, kapakwa dhahabu, kasimama kwa mguu mmoja.

Nikamwambia wife hilo ni kanisa, au kaburi la mkubwa fulani. Kumbe ni tangi la maji! Mnara ulijengwa 1861 na bado ni mnara wa maji mpaka leo.

Swali langu: mtu aliyekuwa anataka maji tu si angeinua tangi juu ya nguzo akamaliza? Mimi nasema ni mbwembwe za matajiri, hakuna cha zaidi. Anayepinga aje na hoja.

#2 Kisebusebu
Uzi bila picha ni batili. Nakaa hapa nasubiri.

#3 Fundi Bomba
Mkuu #1, hoja ya kwanza: urefu si mbwembwe, urefu ndiyo mashine yenyewe. Kila mita 10 za maji zinakupa takriban bar 1 ya presha. Tuseme usawa wa maji upo mita 20 kutoka chini: bomba la uani linapata bar 2, na bafu lililo ghorofani, mita 12 juu, linabaki na bar 0.8. Hiyo inatosha kuoga vizuri. Ukilishusha tangi, bibi mwenye nyumba anaoga matone.

Hoja ya pili ni uzito. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima. Watu wanasahau hili hata leo, wanainua lita 10,000 juu ya vijiti. Ukitaka kubeba tani kumi au ishirini angani mwaka 1861, kuta nene zilizopangwa mraba ndiyo njia ya uhakika, kwa sababu jiwe na tofali vinabeba mzigo wa kushuka vizuri sana. Vikivutwa ndipo vinapopasuka. Ukishakuwa na kuta nne nene za mita 30, tayari una mnara. Saa na nakshi ni nyongeza tu.

#4 Kitabu Wazi
Fundi amesema kweli lakini ameacha jambo kubwa: MOTO. Hilo jumba analoliona Mzaramo ni la tatu mahali hapohapo. La kwanza lilianzwa na Duke wa Buckingham miaka ya 1660, likaungua 1795. Wakajenga la pili, Duke wa Sutherland akalinunua 1849, na mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, likaungua nalo. Inaelezwa kuwa Malkia Victoria aliuona moshi akiwa Windsor, akaagiza mashine za kuzimia moto zipelekwe. Jumba la sasa akalichora Charles Barry, yuleyule wa Bunge la Westminster, 1851.

Sasa wewe umeungua hivyo, na mto upo mita kama 40 chini yako. Utasubiri ndoo zipande mlima? Utaweka maji juu, yakungojee.

#5 Mzaramo wa Ughaibuni
Kitabu Wazi, asante, hilo la moto sikulijua. Lakini hesabu inanikataa. Moto 1849, mnara 1861. Mtu aliyeunguliwa anakaa miaka 12 ndipo akumbuke maji?

#6 Kisebusebu
Alikuwa anasubiri bajeti ipitishwe bungeni 😂

#7 Binti Ramani
Habari zenu. Nimesomea usanifu majengo, nitatia senti zangu.

Mnatenganisha maji na urembo kana kwamba aliyejenga alivitenganisha. Tazameni jumba la Barry: limejengwa kwa mtindo wa Kiitaliano, mfano wake ukiwa Villa Albani ya Roma. Ni refu kwa upana, tambarare juu, halina kitu kinachosimama. Mchoraji yeyote angetamani kitu cha wima pembeni ili jicho lipate pa kupanda. Kwenye mitindo ya Kiitaliano ya wakati ule, mnara wa pembeni ulikuwa karibu lazima. Kwa hiyo kulikuwa na shida mbili, ya bomba na ya mandhari, na mnara mmoja ukazimaliza zote.

Mnara si wa Barry lakini. Ni wa Henry Clutton. Barry alifariki Mei 1860, kwa hiyo kazi za 1861 hazikuweza kuwa zake.

Na Clutton hakuwa mtu wa Italia, alikuwa amezama kwenye majengo ya Ufaransa. Yeye na William Burges ndio walioshinda shindano la kuchora kanisa kuu la Lille mwaka 1856, ingawa mchoro wao haukujengwa. Ile ngazi ya kuzunguka iliyo nusu wazi anayoitaja #1 ndiyo inayonionyesha mkono wake. Ngazi za namna hiyo ni za makasri ya Kifaransa ya karne ya 16. Italia ya Barry imepandikiziwa ngazi ya Ufaransa, na juu yake tangi la Kiingereza.

#8 Nyundo Moja
Niko Nakuru. Dada Binti Ramani, huo mnara ni wa mawe ya kuchonga ama ni plasta? Picha nilizoona mtandaoni unakaa ni kama plasta.

#9 Binti Ramani
Umeona vizuri kaka. Umepigwa plasta ya ile inayoitwa simenti ya Kirumi, kama jumba lenyewe. Jina linadanganya, Warumi hawahusiki. James Parker aliipatia hataza mwaka 1796: unachukua mabonge ya udongo yenye chokaa ndani yake, unayachoma, unayasaga. Inakauka upesi mno, dakika kumi na tano ni nyingi, kwa hiyo fundi wake alitakiwa awe na mkono mwepesi. Rangi yake ya asili ni ya kahawia, ndiyo maana majengo mengi ya aina hiyo yalipakwa rangi yafanane na jiwe.

Hapo Mzaramo anapata hoja kidogo. Mtu aliyekuwa anataka kazi tu angeacha tofali wazi.

#10 Mzaramo wa Ughaibuni
Kidogo?? Hiyo ni nusu ya kesi yangu!

#11 Bahari Kuu
Mnahangaika na Cliveden tu. Wakati wa Malkia Victoria Waingereza walikuwa na ugonjwa wa kuficha matangi. Kuna lile la Thorpeness, Suffolk, tangi limevishwa nyumba kamili, paa, madirisha, dohani. Ukiwa mbali unaona nyumba inaelea juu ya miti.

#12 Kitabu Wazi
Bahari Kuu, la Thorpeness ni la 1923. Victoria alikufa 1901. Lilijengwa kwa ajili ya kijiji cha mapumziko, na hapo kuficha kulikuwa na maana ya biashara: watalii hawataki kutazama pipa.

Ukitaka la Victoria kweli, nenda Grimsby bandarini. Mnara wa 1852, mita 94, umeigwa kutoka mnara wa Siena kule Italia. Ndani yake yaliwekwa maji juu ili yaendeshe kreni na milango ya gati kwa presha. Kiwanda kimevaa joho la Italia. Na Kew, kwenye bustani ya mimea, Decimus Burton alijenga mnara miaka ya 1840 ambao ulikuwa dohani ya majiko ya nyumba ya vioo ya kukuzia michikichi na hapohapo mnara wa maji. Ukiutazama unasubiri kengele ya misa.

#13 Bahari Kuu
Sawa mwalimu, ila ugonjwa upo palepale. Umeniongezea wagonjwa wawili.

#14 Fundi Bomba
Huo wa Grimsby una kisa kizuri. Mara tu ulipokamilika teknolojia ikaupita. William Armstrong alikuwa amekuja na mtungi mkubwa wenye pistoni iliyolemewa na uzito, unapata presha kubwa bila kujenga ghorofa hata moja. Mita 94 za tofali zikashindwa na chuma kilichokaa chini kwenye kibanda.

Lakini angalieni: kwa jumba la kuishi mtungi wa Armstrong haukufaa sana, kwa sababu nyumba inataka akiba. Usiku pampu imelala, mvuke umezimwa, watu wanataka maji. Tangi la juu linafanya kazi bila kuamsha mtu. Ndiyo maana majumba yakabaki na minara huku bandari zikiiacha.

#15 Mwana wa Reli
Mmenikumbusha Tabora. Marehemu baba alikuwa reli, tumekulia kota za stesheni. Lile tangi la chuma la enzi za garimoshi la mvuke, vibao vya mraba vimefungwa bolti pembeni, kila kibao kina alama kama msalaba umevimba katikati. Tukiwa watoto tulidhani ni urembo. Baba akasema ule msalaba unakaza bati lisitunishwe na maji. Kwenye maungio kulikuwa na kutu jekundu lililotiririka mpaka kwenye zege, na chini yake nyasi za kijani kiangazi chote. Mbuzi wa mtaa mzima walikuwa wanalijua hilo tangi.

Wakoloni hawakulivisha joho. Lilisimama uchi na likafanya kazi ileile.

#16 Mzaramo wa Ughaibuni
Asante Mwana wa Reli! Wakuu mmeona? Tangi likiwa la kuhudumia treni linasimama uchi, likiwa la kumhudumia Duke linavaa dhahabu. Fizikia ni ileile. Tofauti ni nani anatazama.

#17 Fundi Bomba
Tofauti pia ni miaka. Vibao vya namna hiyo vya bati lililogandamizwa ni vya karne ya 20. Mwaka 1861 tangi kubwa lilikuwa vibao vya chuma cha kumimina, vizito, vinavyopasuka msingi ukicheza kidogo tu. Maungio yalizibwa kwa unga wa chuma uliochanganywa na chumvi ya amonia, unashika kutu na kuvimba mpaka unaziba. Chini ya kitu kama hicho unataka ukuta usiotikisika.

#18 Mtu wa Malindi
Assalaam aleykum jamaa. Mimi ni wa Unguja, Malindi ya Mjini, si ile ya Kenya. Huku kwetu Seyyid Barghash ndiye aliyeleta maji ya bomba mjini, na akajenga Beit al Ajaib 1883. Na lile jumba lina mnara wa saa. Isije ikawa na huo ulikuwa tangi tukafichwa miaka yote?

#19 Kitabu Wazi
Waaleykum salaam shehe. Hapana. Mnara wa kwanza ulisimama peke yake mbele ya jumba, ukatumika kama taa ya kuongozea meli. Mizinga ya Waingereza ya 1896 ikauharibu, na jumba lilipotengenezwa upya 1897 mnara mpya wa saa ukaunganishwa na uso wa jumba lenyewe. Maji ya Barghash yalitoka Chemchem kwa bomba, hayakuhusiana na saa. Na sehemu ya jumba pamoja na mnara iliporomoka Desemba 2020, unajua mwenyewe.

#20 Mtu wa Malindi
Tunajua, na inauma. Tuliache hilo.

#21 Kisebusebu
Ngoja kwanza. Cliveden? Si ndipo yule waziri wa vita Profumo alipokutana na Christine Keeler kwenye bwawa la kuogelea 1961? Halafu ikaja kujulikana binti ana uhusiano pia na mwanajeshi wa ubalozi wa Sovieti, waziri akajiuzulu 1963?

#22 Bahari Kuu
Ndipo. Mnara ukiwa unatimiza miaka 100 kamili. Maji ya Cliveden yana historia ndefu kuliko mnavyodhani 😅

#23 Kisebusebu
Sasa huu ndio uzi. Ningeambiwa mapema ningeacha kudai picha za mnara.

#24 Shangazi Saa Sita
Turudi kwenye mada kabla moderata hajafunga. Mbona hakuna aliyezungumzia saa? Nyumba kama ile ilikuwa na watumishi wa ndani, wa bustani, wa farasi, wa jikoni. Watu wa kawaida hawakuwa na saa mfukoni. Weka saa pande nne kwenye mnara mrefu na umewafunga wote kwa kamba moja: hakuna wa kusema nilichelewa sikujua. Mimi nimefanya kazi za ndani Muscat miaka mingi, nyumba kubwa naijua inavyoendeshwa. Mwenye nyumba hatazami saa, anayetazama saa ni mpishi. Hizo nyuso nne za saa hazikuwekwa kwa ajili ya Duke.

#25 Binti Ramani
Shangazi, hiyo nimeipenda. Na kiufundi inaungana na ya Fundi: saa za minara za wakati ule ziliendeshwa na mawe mazito yanayoshuka taratibu kwa kamba, kwa hiyo nazo zilitaka kimo. Mnara uliojengwa kwa ajili ya maji unaipa saa nafasi ya kuteremshia mawe bila gharama ya ziada.

#26 Mzaramo wa Ughaibuni
Shangazi heshima yako. Ila watumishi hawakuhitaji fremu za dhahabu kusoma saa.

#27 Nyundo Moja
Na hizo pesa zilitoka wapi? Hakuna anayeuliza. Familia ya Sutherland ndiyo iliyowafukuza maelfu ya wakulima kutoka ardhi yao kaskazini mwa Scotland, mwanzoni mwa karne ya 19, ili waweke kondoo. Walikuwa wazazi wa huyu Duke. Mkewe, Harriet, alikuwa akipiga vita utumwa wa Marekani, na Karl Marx akamjia juu gazetini 1853: unawalilia watumwa wa ng'ambo na watu wa Sutherland je? Huku Bonde la Ufa hatuhitaji kuelezewa hadithi ya kuondolewa shambani.

#28 Kitabu Wazi
Yote kweli, ila ongeza upande wa pili: sehemu kubwa ya utajiri wa ile familia ilitoka kwenye mfereji wa Bridgewater na ardhi za Uingereza, si Scotland pekee.

Na kuna jambo lingine la tarehe. Duke mwenyewe alifariki Februari 1861. Mnara ni wa 1861. Harriet akabaki na Cliveden mpaka alipofariki 1868. Kwa hiyo tunaposema "Duke alitaka hivi", inawezekana tunamzungumzia mtu aliyekuwa kaburini.

#29 Mzaramo wa Ughaibuni
Haa! Kumbe mbwembwe za mama.

#30 Shangazi Saa Sita
Mwanangu, mwanamke akitaka maji yapande ghorofani mnaita mbwembwe. Aliyekuwa akibeba ndoo za maji ya moto kwenye ngazi za jumba kama lile alikuwa mwanamke pia, na hakuwa Harriet.

#31 Fundi Bomba
Hapo Shangazi amefunga goli.

#32 Bahari Kuu
Mimi bado nataka kujua habari za sanamu. Nimeangalia: ni nakala ya yule malaika wa Uhuru aliyepo juu ya nguzo ya Julai, uwanja wa Bastille, Paris. Kazi ya Augustin Dumont. Ile nguzo ilizinduliwa 1840 kukumbuka mapinduzi ya 1830. Nyumba ya kikabaila na alama ya mapinduzi wapi na wapi?

#33 Kitabu Wazi
Mapinduzi ya 1830 hayakuondoa ufalme. Yalimng'oa Charles X yakamweka Louis-Philippe. Makabaila wa mrengo wa Harriet, marafiki wa akina Gladstone, yule mwanasiasa aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza, hayo hayakuwatisha hata kidogo. Gladstone huyo ndiye aliyetunga maneno ya Kilatini yanayozunguka jumba juu.

#34 Binti Ramani
Au ni mapenzi ya Ufaransa tu, au sanamu ilipendeza. Tusiitafutie siasa kila tofali. Na iliyopo sasa ni nakala ya kisasa, kwa hiyo huo mng'ao aliouona Mzaramo ni dhahabu ya siku hizi.

#35 Mwana wa Reli
Kwa hiyo hata mbwembwe zinahitaji matengenezo.

#36 Kisebusebu
Kuna mwenye habari za konokono? Nimesoma mahali kwamba Cliveden kuna konokono wa Italia.

#37 Binti Ramani
Ni kweli, si utani. Astor, Mmarekani tajiri aliyenunua Cliveden 1893, alileta ukingo wa mawe kutoka Villa Borghese, Roma. Mwaka 2004 ndipo wakagundua konokono wadogo wa Mediterania wamo kwenye yale mawe, walisafiri nayo na kuzaliana kimya zaidi ya miaka mia. Lakini hao ni wa bustani, mnara hawahusiki.

#38 Nyundo Moja
Sasa hao ndio diaspora wa kweli. Hakuna aliyewauliza viza.

#39 Mtu wa Malindi
Fundi Bomba, swali la kando. Maji yalipandaje mpaka juu kule bila umeme?

#40 Fundi Bomba
Kwa majumba ya wakati ule kulikuwa na njia kadhaa: pampu ya mvuke, gurudumu la maji, au ile pampu inayojigonga yenyewe aliyoibuni Montgolfier mwaka 1796, mmoja wa wale ndugu wawili Wafaransa waliobuni puto la hewa ya moto. Haitaki mafuta wala moto. Maji mengi yanashuka, valvu inajifunga ghafla, ule mshtuko unasukuma maji kidogo kwenda juu sana. Misheni moja huku Nyanda za Juu Kusini walikuwa nayo bondeni, ukilala nyumba ya wageni unaisikia tak, tak, tak mpaka alfajiri. Ilipandisha maji hadi zahanati, kidogokidogo, bila kulala. Na ndiyo maana ilihitaji tangi juu: yenyewe inatoa kama uzi, tangi ndilo linalokusanya.

#41 Mwana wa Reli
Basi mtusaidie na sisi wa leo. Jirani yangu fundi wake kamjengea stendi ya mbao ya mita sita, tangi la plastiki lita 5,000. Masika ya mwaka huu nguzo moja imezama, tangi limeinama kuelekea chumba cha watoto. Wamelifunga kamba kwenye mwembe.

#42 Fundi Bomba
Hizo ni tani tano zimening'inia kwenye mwembe! Mwambie afungue koki amwage maji SASA HIVI, kabla ya kutafuta fundi mwingine. Likishakuwa tupu watu wanne wanalishusha. Kisha achimbe msingi wa zege chini ya kila nguzo, afunge mbao za msalaba pande zote nne, na apunguze kimo. Nyumba ya chini ya kawaida haihitaji mita sita.

#43 Mzaramo wa Ughaibuni
Na asisahau malaika juu.

#44 Kitabu Wazi
Mzaramo wewe, bado hujajibu. Kama ni mbwembwe tu, kwa nini tangi limeendelea kutumika mpaka leo, wakati jumba ni hoteli na bomba la serikali lipo?

#45 Mzaramo wa Ughaibuni
Kwa sababu lilijengwa vizuri. Mbwembwe zilizojengwa vizuri zinadumu. Na wewe hujajibu la miaka 12.

#46 Kisebusebu
Picha bado.